Kuteuliwa si kufika: dhana potofu kuhusu chipukizi wa besiboli ya Marekani

Mashabiki wengi huujua uteuzi wa wachezaji chipukizi, yaani utaratibu wa klabu kuchagua vijana kwa zamu, raundi baada ya raundi, kupitia mpira wa kikapu, ambako Victor Wembanyama aliteuliwa Juni 2023 na kufikia Oktoba alikuwa tayari akiichezea timu ya San Antonio. Ndiyo maana hudhani kwamba kijana akishateuliwa na klabu ya besiboli, msimu unaofuata atakuwa ligi kuu. Ukweli ni kwamba karibu kila mteule huanzia ligi ndogo, ambako klabu zote kuu zina timu za kukuzia vipaji. Chini kabisa ni ligi ya wanaoanza, kisha hufuata Single-A, High-A, Double-A na Triple-A, na ngazi hizo humchukua mchezaji wa kawaida miaka kadhaa ya kupanda, kushushwa na kuuguza majeraha. Paul Skenes, mrushaji aliyeteuliwa wa kwanza na Pittsburgh Pirates Julai 2023, alifika ligi kuu Mei 2024, na kwa vipimo vya besiboli hiyo ni kasi ya ajabu.

Dhana iliyoota mizizi zaidi ni kwamba nafasi ya kuteuliwa hutabiri mwisho wa mchezaji. Dhana hii si uongo mtupu, kwa sababu wateule wa raundi ya kwanza hufika ligi kuu kwa wingi kuliko wa raundi za mwisho, lakini sehemu ya tofauti hiyo naamini inatokana na subira: klabu iliyolipa dau kubwa humvumilia mchezaji anayesuasua, ilhali aliyesajiliwa kwa fedha kidogo huachwa mapema. Hata subira hiyo ina mipaka. Brien Taylor, mrushaji wa mkono wa kushoto kutoka North Carolina, aliteuliwa wa kwanza mwaka 1991 na New York Yankees wakamlipa dola milioni 1.55, Desemba 1993 aliumia bega la mkono huohuo katika ugomvi, na hakuwahi kuvuka Double-A. Mark Appel, mteule wa kwanza wa 2013, aliwahi kuacha mchezo, akarudi, na alipocheza ligi kuu mara ya kwanza mwaka 2022 alikuwa na miaka 30.

Upande wa pili yuko Mike Piazza, aliyeteuliwa na Los Angeles Dodgers mwaka 1988 katika raundi ya 62, akiwa wa 1,390, tena kwa hisani tu, kwa kuwa baba yake alikuwa rafiki wa kocha wa klabu hiyo, Tommy Lasorda. Klabu ilimhamishia nafasi ya mdakaji, anayedaka mipira ya mrushaji, kazi ngumu ambayo wengi huikwepa, na huko ndiko alikojijengea jina. Mwaka 2016 aliingizwa katika Jumba la Heshima la besiboli pamoja na Ken Griffey Jr., mteule wa kwanza wa mwaka 1987.

Wapo pia wanaoamini kwamba kila mteule hutajirika. Skenes alilipwa dola milioni 9.2 kwa kusaini, lakini fedha hizo hushuka haraka kadiri raundi zinavyosonga, na baada ya malipo hayo mchezaji hubaki na mshahara wa ligi ndogo. Mkataba wa pamoja wa mwaka 2023 kati ya ligi na chama cha wachezaji, wa kwanza kwa wachezaji wa ligi ndogo, uliweka kima cha chini cha dola 30,250 kwa mwaka katika Double-A.

La mwisho ni kudhani kwamba uteuzi ndio mlango pekee. Uteuzi huo unawahusu hasa wachezaji wa Marekani, Kanada na Puerto Rico. Vijana wa Jamhuri ya Dominika, Venezuela au Afrika husajiliwa moja kwa moja na klabu. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisajiliwa na Pirates mwaka 2008 bila kuteuliwa, akapitia ngazi zilezile za ligi ndogo, na Aprili 2017 akawa mchezaji wa kwanza aliyezaliwa na kukulia Afrika kucheza ligi kuu.