Je, wajua kwa nini refa wa basketiboli huuacha mpira upite bila kuutazama?

Kaa kwenye ukumbi wa Nyayo jijini Nairobi siku ya mechi ya ligi na hutakosa kusikia shabiki akifoka: "Refa, si uko hapo hapo!" Ni kweli, yuko hapo. Ila macho yake yana kazi kwingine.

Uwanja wa FIBA, shirikisho la kimataifa la basketiboli, una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15. Ndani yake kuna wachezaji 10 na marefa wawili, au watatu kwa mechi kubwa. Mwenye mpira na anayemkaba ni wawili tu. Wanane waliobaki wanasukumana, wanavutana jezi, wanazibiana njia. Marefa wote wakiufuata mpira, hao wanane hawana wa kuwaangalia. Ndiyo maana marefa hugawana uwanja: mmoja hutangulia hadi mstari wa chini ya kikapu na kuwachunga majitu yanayogombea nafasi pale, mwenzake hubaki nyuma na mwenye mpira. Mpira ukihama, majukumu nayo huhama.

Ugumu uko kwenye kuuacha mpira. Mwaka 1999, wanasaikolojia Daniel Simons na Christopher Chabris walichapisha jaribio ambapo watu walitazama video na kuhesabu pasi za mpira wa kikapu. Katikati ya mchezo alipita mtu aliyevaa kama sokwe. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona! Hawakuwa wazembe, umakini wa binadamu una kiasi chake. Refa anayechungulia eneo la mwenzake kwa wasiwasi, akijiuliza kama yule ameona, tayari amelipoteza lake.

Kwa hiyo kumwamini mwenzako ndiko kunakoyapa macho yako nafasi ya kutulia. Marefa huketi pamoja kabla ya mechi na kukubaliana nani achukue nini. Wakipuliza filimbi kwa pamoja, hunyoosha mkono na kutazamana kwanza kabla ya kuonyesha ishara, maana mmoja akisema kosa ni la mshambuliaji na mwingine la mlinzi, makocha watafika katikati ya uwanja. Sheria za FIBA zenyewe haziruhusu refa kutengua wala kuhoji uamuzi ambao mwenzake ametoa ndani ya majukumu yake.

Mwenzake akizibwa na miili, refa anaweza kupuliza nje ya eneo lake, lakini awe na hakika, na humwachia mwenye eneo nafasi kwanza. Filimbi hiyo huchelewa kidogo, na sisi mashabiki hudhani ni kelele zetu zilizomtisha.