Mashine inakubali kabila moja

Usiku wa sensa, Agosti 2019, karani aliketi barazani kwetu Likoni, kishikwambi mapajani. Mama akajibu, "Mdigo." Zamu yangu ilipofika nikamwambia aandike Mdigo na Mkamba, maana marehemu baba alikuwa Mkamba. Akatikisa kichwa: mashine inakubali moja tu. "Mwandike la babake, mwanangu," mama akasema, "usiku umeenda."

Nafundisha nadharia za utamaduni, na kila muhula hurudi barazani pale. Tukizungumzia tamaduni nyingi Kenya tunaanza na hesabu: makabila 42, Wamakonde wakawa la 43, Wakenya wenye asili ya Asia la 44 mwaka 2017. Ni kama vyungu kabatini, kila kimoja na kifuniko chake, kilichobaki ni kuvipa heshima sawa.

Wananadharia wa baada-umuundo, yaani wale wasioamini kwamba maana na makundi yana mipaka ya kudumu, huuliza kwanza nani alipanga kabati. Kwa Jacques Derrida, mwanafalsafa wa Ufaransa, neno hupata maana kwa kutofautiana na maneno mengine, na tofauti hizo hazitulii. Chukua "Mijikenda". Jina hilo lilishika miaka ya 1940. Kabla ya hapo Wadigo, Wagiriama, Waduruma na wenzao sita waliitwa Wanyika, watu wa porini. Watu ni wale wale. Mpaka ndio uliochorwa upya, na safari hii waliuchora wenyewe.

Basi kabila ni uongo? Wanafunzi huniuliza hivyo, na hapo huwa mkali. Oktoba 2016 Wamakonde walitoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kudai vitambulisho. Bila kitambulisho huwezi kusajili hata laini ya simu. Wapemba walingoja kutambuliwa hadi 2023. Kuwaambia watu hao kwamba kabila ni maneno matupu ni ukatili. Gayatri Spivak, mwananadharia mzaliwa wa India, ametufundisha kwamba wanyonge wanaweza kulishika jina kwa makusudi, ili wadai haki, bila kuamini kwamba jina hilo ndilo wao wote.

Derrida mwenyewe hakuyasoma haya vitabuni tu. Alikuwa Myahudi wa Algeria. Mwaka 1940 utawala wa Vichy, serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wanazi, ulifuta uraia wa Ufaransa ambao Wayahudi wa huko walipewa mwaka 1870, na mwaka 1942, akiwa na miaka 12, akafukuzwa shule.

Kwa hiyo nafurahi kwamba Wapemba wamepata jina lao kwenye orodha, na bado nataka fomu ya sensa ijayo ipokee majibu mawili. Usiku ule niliandikwa Mkamba. Karani alipoaga, mama akaniita kwa Kidigo niingie nile.