"Nyamaza, Usimkufuru Mungu"

Mume wa shangazi yangu alianguka kutoka juu ya mkarafuu asubuhi, shambani nje ya Wete, na alasiri tukamzika. Anayeijua kazi ile anajua kuwa tawi la mkarafuu halikupi habari kabla ya kukatika. Nyumbani wanawake walijaa ukumbini, na kila shangazi alipofungua mdomo kulia, mkono wa mtu ulimgusa begani: "Nyamaza, usimkufuru Mungu." Akanyamaza. Alinyamaza wiki tatu, hata salamu akawa anaitikia kwa kichwa. Na sisi, Mungu atusamehe, tukawa tunamsifu: mashaallah, ana imani.

Imani gani! Alikuwa ameogopeshwa.

Tangu siku zile, nikisikia maneno hayo msibani najiuliza tumeyaokota wapi, maana chuoni, kwenye Qurani, hatukusomeshwa hivyo. Mtume Muhammad (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe mdogo, Ibrahim, alilia mbele za watu. Sahaba wake Abdurrahman bin Auf akashangaa: hata wewe, Mtume wa Mungu? Akajibiwa kuwa ile ni rehema. Kisha Mtume akasema kuwa jicho hutoka machozi na moyo huhuzunika, ila ulimi hausemi lisilomridhisha Mola. Kilichokatazwa ni kingine kabisa: kupiga mayowe ya kuomboleza, kujipiga makofi ya mashavu, kuchana nguo. Nabii Yaqub alimlilia mwanawe aliyepotea, Yusuf, mpaka macho yakageuka meupe, tunasoma katika Sura Yusuf, aya ya 84, na hakuitwa mkosefu. Machozi hayana kesi.

Dhana inayofuatana na hiyo ni kuwa subira maana yake ni kufunga mdomo. Mrudie Yaqub huyo huyo. Wanawe walipomlaumu kuwa haachi kumtaja Yusuf, aliwajibu kuwa huzuni yake na majonzi yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Neno ni hilo, kushitaki. Mwenye subira ana mashitaka kama mtu yeyote, ila anajua pa kuyapeleka. Na aya inayofuata, ya 87, anawatuma wanawe: nendeni mkamtafute Yusuf na nduguye, wala msikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Amelia, ameshitaki, kisha ametuma watu wakatafute. Mzee yule hakukaa barazani akangoja.

Na Bi Maryam, mama wa Nabii Isa, je? Yeye ndiye mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina lake ndani ya Qurani. Uchungu wa kuzaa ulipomfikisha penye shina la mtende, peke yake, alisema laiti angelikufa kabla ya siku ile akasahaulika kabisa. Msibani kwetu mtu akitamka hivyo, kuna atakayeruka kumziba mdomo. Yeye hakukaripiwa. Aliambiwa asihuzunike, Mola wake amemwekea kijito chini yake, na alitikise shina la mtende zimdondokee tende mbivu. Ale, anywe, atulie. Mawaidha hayakutangulia maji. Nimeisoma aya hii miaka mingi kabla ya kuona hilo, na sasa nikienda kumpa mtu pole huwa naikumbuka kabla sijafungua mdomo.

Kuna msemo mwingine ambao nitauzungumza kwa adabu, kwa sababu asili yake ni aya: "Mungu hampi mja mzigo asiouweza." Wanaousema huwa na nia njema. Lakini mtu anayehisi anavunjika, akiambiwa hivyo, anachosikia ni kuwa angekuwa na imani ya kutosha asingelemewa. Sasa, aya yenyewe, Al-Baqara 286, inasema Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Kukalifisha ni kumwamrisha mja jambo la kutekeleza: asiyeweza kusali kwa kusimama husali kwa kukaa, mgonjwa hafungi. Na aya haijaisha, tunafundishwa kuomba: Mola wetu, usitutwike tusiyoyaweza. Mtu hafundishwi kuomba apunguziwe kitu ambacho hakiwezi kumwelemea. Wengi wetu tumeihifadhi tangu utotoni na tunaisoma kabla ya kulala, ila mwisho wake tunaupita mbio kama gari ya shamba jioni.

Kwamba mwenye dhiki amekasirikiwa na Mungu, hilo halina umri mdogo. Wahyi, ufunuo wa Mungu kwa Mtume, uliposita kwa muda, washirikina wa Makka walisema Muhammad ameachwa na Mola wake. Ikashuka Sura Ad-Dhuha: Mola wako hakukuacha wala hakukasirika. Na mwaka aliofiwa na Bi Khadija na ami yake Abu Talib unaitwa katika sira, historia ya maisha yake, Mwaka wa Huzuni. Hawakuuita mwaka wa adhabu.

Linaloniudhi zaidi ni hili la hospitali. Mtu halali, hali, anasema haoni haja ya kuishi, na nyumba nzima inakubaliana: huyo ana shetani, au hasali vizuri. Sina ugomvi na kusomewa Qurani, wala na kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji ya kunywa. Nimekunywa mimi mwenyewe. Lakini mabedui walipomwuliza Mtume kama wajitibu, aliwaambia wajitibu, kwani Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Hakusema maradhi ya mguu tu. Unguja tuna hospitali ya maradhi ya akili, Kidongo Chekundu, na nimesikia mara nyingi jina lake likitajwa kwa mzaha, kana kwamba anayekwenda huko amejivunjia heshima. Kumpeleka ndugu yako kwa daktari na kumwombea dua usiku ule ule ni kazi moja.

Tena kwenye huzuni ya kawaida, dini imeingia hadi jikoni. Ja'far bin Abi Talib, binamu yake Mtume, alipouawa katika vita vya Muuta, Mtume aliagiza watu wa nyumba ya Ja'far wapikiwe chakula, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. (Sisi tumegeuza: mfiwa ndiye anayekopa mchele awapikie waliokuja kumpa pole.) Na Bi Aisha, mkewe Mtume, alikuwa akiamrisha wafiwa wapikiwe talbina, uji wa shayiri, akisimulia kutoka kwa Mtume kuwa unautuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Baadhi, si yote.

Wiki ile ya tatu shangazi alikuwa uani, ndani ya eda yake ya kufiwa na mume, karafuu walizochuma vijana zimemwagwa mbele yake kwenye jamvi. Alikuwa anachambua, makonyo, vile vijiti vyake, upande huu, karafuu upande ule, vidole vimeingia weusi. Jirani mmoja mtu mzima akaingia na bakuli la uji limefunikwa kwa kawa. Hakutoa mawaidha. Alikaa, akavuta fungu la karafuu, naye akaanza kuchambua. Walikaa hivyo muda mrefu, mpaka shangazi akaacha mikono yake juu ya jamvi na kulia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu siku ya maziko. Mimi nilikuwa mlangoni, nikaona mabega ya yule jirani hayakushtuka. Aliendelea na kichala alichokishika mpaka kikaisha, akafunua kawa, akamsogezea bakuli.

"Kunywa, Bi mdogo. Bado una moto."