Darasa la kioo Bagamoyo: tunaogopa pasipo pa kuogopa

Kundi jipya likiingia karakanani kwetu hapa Bagamoyo, siku ya kwanza hatugusi kioo. Nawaketisha mkekani, nawauliza wamesikia nini kuhusu kazi hii ya kutengeneza vitu vya kioo. Majibu ni yale yale tangu tulipoanza na meza mbili na tanuru moja dogo la umeme. Watu huogopa mahali ambapo hakuna hatari kubwa, halafu penye hatari wanapita kifua mbele. Wanaogopa kukatwa vidole, vumbi hawalijali. Wanaogopa moto, wakati kazi nyingi huharibika moto ukishazimwa. Nimeyakusanya hapa yale ninayoyasikia mara nyingi zaidi, pamoja na majibu yangu.

“Kioo si chetu, ni mambo ya Wazungu”

Hili linaniuma kulisikia mtu akilisema Bagamoyo. Karne ya 19, misafara iliyotoka mji huu kwenda Tabora na Ujiji ilibeba vitambaa, nyaya na shanga za kioo. Shanga zilikuwa fedha ya njiani. Kwa shanga ulinunua chakula cha wapagazi, kwa shanga ulilipa hongo, yaani ushuru wa kupita nchi ya watu. Stanley alipojiandaa mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, alifungasha magunia 22 ya shanga. Richard Burton, aliyesafiri bara mwaka 1857, aliandika kwamba aina za shanga katika biashara ya huku zilikaribia 400. Nyekundu moja iliyopendwa sana iliitwa samisami. Nyingi zilitengenezwa Venice, Italia, lakini waliopanga thamani yake hawakuwa watu wa Venice. Walikuwa ni wanunuzi wa Ugogo, Unyamwezi na kandokando ya Ziwa Tanganyika, na kila sehemu ilikuwa na rangi yake. Ukifika na rangi isiyotakiwa, mzigo wako ulikuwa kokoto tu.

Ni kweli hatukuzitengeneza sisi, na siwezi kudanganya ili tujisifu. Lakini jicho la kukijua kioo kizuri limekuwepo huku siku nyingi. Kuna bibi mmoja wa Dunda alimsindikiza mjukuu wake darasani. Nilimpa shanga tuliyoiyeyusha wiki ile. Akaiinua usawa wa dirisha, akaizungusha, akapitisha ncha ya ukucha kwenye tundu, akanirudishia. “Ina makali humu ndani, mwanangu. Itakata uzi.” Alisema kweli. Miezi yote ile nilikuwa natazama rangi na umbo, tundu silitazami. Tangu siku hiyo somo la shanga kwetu huanzia kwenye kusugua tundu, na anayelifundisha sasa ni yule mjukuu.

Kwa kuwa wanafunzi huuliza kila mara: vile vibakuli vilivyopachikwa kwenye makaburi ya kale ya Kaole, karibu na mji wetu, havikuwa kioo. Ni kauri kutoka Uchina.

“Bila kiwanda hakuna kioo”

Hata Marekani walidhani hivyo kwa muda mrefu. Msanii alichora, kiwanda kikatengeneza. Mwaka 1962 mwalimu wa ufinyanzi, Harvey Littleton, aliendesha warsha mbili kwenye gereji ya jumba la makumbusho ya sanaa la Toledo, Ohio, kuona kama mtu mmoja anaweza kuyeyusha na kupuliza kioo kwenye tanuru dogo. Jaribio la kwanza liliharibika. Kilichowaokoa ni golori za kioo rahisi kuyeyuka walizopewa na Dominick Labino, mtaalamu aliyetoka viwandani. Karakana ndogo nyingi za kioo unazozisikia leo zinafuata njia iliyofunguliwa kwenye gereji ile. Na huhitaji kwenda Ohio kuona mfano. Nje ya Nairobi kuna Kitengela Glass, na Arusha kuna karakana iitwayo Shanga, ambako watu wenye ulemavu hutengeneza shanga na vyombo kutokana na chupa zilizotumika.

Sisi hatupulizi kioo. Tanuru la kupulizia hudai zaidi ya nyuzijoto 1,000 usiku na mchana, na hatuna uwezo wa kulilisha. Tunakata na kuunganisha vipande kwa utepe wa shaba na lehemu, tunapanga vipande vidogo kwenye saruji, tunayeyusha tanurini kwenye nyuzijoto 750 hadi 820. Tena mwanafunzi wa miezi mitatu ya mwanzo hana haja hata ya tanuru. Meza, kalamu ya kukatia, koleo, na mabaki kutoka kwa fundi wa alumini vinamtosha.

“Kukata kioo kunataka nguvu”

Kalamu haikati kioo. Kile kigurudumu chake kinachora ufa mwembamba juu juu, na kioo chenyewe hupasuka kuufuata ukikikunja kwa vidole gumba. Unapita mara moja tu, kutoka ukingo hadi ukingo. Ukirudia, umeharibu mstari na kigurudumu pia. Namfundisha mtu kwa masikio kabla ya macho: mlio ukiwa mwembamba, usiokatika, kama kanga mpya inapochanwa, mkono uko sawa. Ukisikia mkwaruzo wa kusaga changarawe, umekandamiza mno. Vijana waliozoea nyundo huvunja vipande vingi wiki ya kwanza. Washona nguo huelewa siku hiyo hiyo.

“Kioo ni kioo, changanya tu”

Hapa ndipo watu wanapojiamini kupita kiasi, nami nilikuwa mmoja wao.

Niliwahi kutengeneza sinia la zawadi ya harusi ya binti wa jirani. Chini niliweka kioo cha dirisha, juu nikapanga majani ya mwembe niliyoyakata kwenye chupa ya kijani. Lilitoka tanurini linang’aa, watu wakapita kulitazama. Siku ya nne usiku, ndani ya kabati la vyombo, lilipasuka. Asubuhi mama wa bi harusi aliniletea vipande vimefungwa kwenye gazeti. “Mwalimu, naapa hakuna aliyeligusa.” Nilimwambia, “Najua, mama. Kosa ni langu.” Nilivipanga vile vipande mezani. Ufa ulikuwa umezunguka ukingo wa kila jani, kana kwamba mtu ameuchora kwa kalamu.

Kioo kikipashwa moto hutanuka, kikipoa husinyaa, na si kila kioo husinyaa kwa kiasi kimoja. Watengenezaji wa kioo cha sanaa hukipima kwa namba. Zinazouzwa zaidi ni 90 na 96, na kioo cha kawaida cha dirisha kiko chini ya hapo. Chupa nazo hutofautiana kiwanda kwa kiwanda. Tofauti ni ndogo, lakini vioo viwili vikishashikana vikiwa laini, kisha vikapoa kutoka nyuzijoto 500 hadi joto la chumba, kimoja kinavuta na kingine kinakataa. Mvutano huo haufi. Unakaa humo siku nne, au mwezi, hadi usiku wenye ubaridi kidogo.

Kwa hiyo tuna kanuni: sahani moja, chupa moja. Ukitaka majani ya kijani, na sinia lenyewe litoke kwenye chupa ile ile. Kama ni lazima kuchanganya, tunayeyusha kwanza vipande viwili vya majaribio, kisha tunavitazama katikati ya lenzi mbili za miwani ya jua, ile inayochuja mng’ao wa maji. Unazungusha lenzi moja hadi pote pawe giza. Kipande kikiwa salama, giza linabaki. Kikiwa na mvutano, kwenye maungio pana mwanga kama ukucha wa mwezi mwandamo. Nimeona watu wazima wakitoa sauti mara ya kwanza wanapouona.

Halafu kuna vioo ambavyo havikatiki kabisa. Kioo cha dirisha la pembeni la gari kimepoozwa kwa upepo mkali makusudi ili kikivunjika kiwe chembechembe zisizo na makali marefu. Kijana mmoja wa Magomeni alituletea kimoja kizima kutoka kwa mtu wa vyuma chakavu, akapitisha kalamu, akakikunja, na meza nzima ikawa kama imemwagiwa chumvi ya mawe. Kioo cha mbele cha gari ni vioo viwili vyenye utando wa plastiki katikati. Hicho nacho usikipeleke tanurini.

“Moto ukizimwa, kazi imekwisha”

Kazi inaanza hapo. Kioo cha chupa au cha dirisha kikishayeyuka kinashushwa hadi karibu na nyuzijoto 550, kinashikiliwa hapo ili joto la ndani na la nje lilingane, kisha kinateremshwa polepole. Ukiongeza unene mara mbili, muda wa kupoza hauongezeki mara mbili, unakaribia mara nne. Sahani nyembamba hulala tanurini usiku kucha. Kipande kinene huchukua siku.

Mwiko wetu mkubwa ni kufungua tanuru “kuchungulia kidogo.” Na adui wetu ni umeme kukatika. Ukikatika wakati wa kupanda hatupotezi mengi. Ukikatika wakati wa kushuka tunafunika tanuru kwa blanketi lisiloshika moto na kuomba Mungu, kwa sababu hatuna la ziada la kufanya. Miaka hii tumejifunza kupanga tanuru liwe limebaki na kazi ya kushuka tu saa ambazo umeme wa mtaa wetu huwa umetulia.

“Ni kazi ya hatari, si ya wanawake wala watoto”

Kukatwa kunatokea. Mara nyingi ni mkato mdogo safi, unaosha, unafunga plasta, unaendelea. Miwani ya kinga na viatu vilivyofunika vidole ni lazima. Lakini hatari ninayoikemea kwa sauti ni ile isiyotoa damu. Vumbi laini la kusaga kioo, na la ule udongo mweupe tunaoupaka kwenye rafu za tanuru, halitakiwi mapafuni. Ndiyo maana tunasaga kwa maji, na karakanani hatufagii kwa ufagio mkavu. Tunadeki. Mgeni akishika ufagio, hata wanafunzi wadogo humpokonya.

Ya pili ni madini ya risasi. Lehemu ya kawaida ya kazi hii ni bati asilimia 60 na risasi asilimia 40. Watu hukimbia moshi wake, ambao hasa unatokana na dawa ya kusafishia shaba na unawasha kweli macho na koo. Lakini kwa joto la kulehemu risasi haipandi hewani kwa kiasi cha maana. Inaingia mwilini kupitia mikono. Mtu analehemu, anafuta vidole kwenye suruali, anamega muhogo wa kukaanga. Kwetu hakuna kula mezani, na sabuni iko mlangoni. Watoto na wajawazito hawagusi lehemu yenye risasi hata kidogo. Wao hufanya kazi ya vipande vya saruji na ya shanga, au tunawapa lehemu isiyo na risasi, ingawa bei yake inatuumiza.

Kuhusu wanawake: zile taa za kioo cha rangi za kampuni ya Tiffany zinazosifiwa dunia nzima, nyingi zilibuniwa na Clara Driscoll, mkuu wa idara ya wanawake waliokata vioo huko New York. Karibu karne nzima sifa zilikwenda kwa mwenye kampuni peke yake, hadi barua za Clara zilipopatikana na maonyesho ya mwaka 2007 yakaeleza ukweli. Darasani kwetu wanawake ni wengi kuliko wanaume, na mkono ulionyooka kuliko yote karakanani ni wa mama anayeuza vitumbua asubuhi.

“Mchanga umejaa ufukweni, tuyeyushe”

Mchanga wetu wa pwani una vipande vya kombe, chumvi na madini ya chuma. Silika peke yake huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,700 hivi. Viwandani huongezwa magadi na chokaa ili ikubali joto la chini zaidi, na mchanga wenyewe huchaguliwa usiwe na chuma kingi. Acheni mchanga ukae, ufuko wetu unaliwa na bahari vya kutosha. Chupa zilizotupwa zinatutosha, na ni kioo kilichokwisha kupikwa.

“Rangi imepakwa”

Hapana, iko ndani: ni madini yaliyochanganywa kioo kikipikwa. Kobalti hutoa buluu, chuma kijani cha chupa, shaba feruzi. Nyekundu nzuri hutaka dhahabu au seleni, ndiyo maana ni ghali, na ndiyo maana shanga nyingi nyekundu za zamani zina kiini cheupe na nyekundu ni ganda tu. Ukiokota moja iliyovunjika, itazame ilipokatika.

“Kioo ni kimiminika, hushuka polepole”

Kioo cha dirisha lako hakitiririki, hata baada ya miaka 1,000. Vioo vya kale vilitofautiana unene kwa sababu ya namna vilivyotengenezwa.

“Darasa lenu ni la watalii”

Miaka ya mwanzo ilikuwa karibu hivyo. Tulifundisha majahazi na twiga, tukasubiri wageni. Wasipokuja, meza zilikaa kimya. Kilichobadilisha mambo ni fundi mmoja aliyeomba kujifunza kukata duara kwa ajili ya dirisha la juu ya mlango. Akaja mwingine, akaja na mdogo wake. Leo kazi nyingi zinazotoka karakanani zinabaki mjini: vioo vya rangi juu ya milango, sahani za harusi, namba za nyumba, shanga za kiunoni. Majahazi bado tunatengeneza, na yanauzika.

Ukija, njoo na chupa mbili au tatu za kinywaji kimoja, rangi moja, umeziloweka na kubandua karatasi. Vaa viatu vya kufunika. Kioo cha gari kiache nyumbani. Na usiku kabla ya kufungua tanuru usinipigie simu kuuliza sahani yako imetokaje. Nami sijaiona bado.