Conques: kanisa lililojengwa kukabili misukumo miwili

Fundi yeyote aliyewahi kufunga tao la mawe juu ya mlango, bila nondo wala zege, anaijua hofu ya siku ya kuondoa mbao. Mawe yakishabanana hayadondoki tu, yanasukuma pembeni. Kuta zikiwa nyembamba zinafunguka kama miguu ya mtu aliyekanyaga utelezi, na tao linashuka. Sasa chukua tao hilo, lirefushe liwe dari ya kanisa zima, liinue mita 22 hivi kutoka sakafuni, kisha ujaze watu chini yake. Kazi hiyo ndiyo waliyojipa wajenzi wa Conques katika karne ya 11. Mimi nafundisha historia ya usanifu majengo, na kila mwaka naanzia hapa, kwa sababu kanisa hili halifichi shida zake nyuma ya lipu.

Conques ni kijiji kidogo cha Aveyron, kusini mwa Ufaransa, kimeng'ang'ania ubavu wa mlima kwenye njia ya mahujaji inayotoka Le Puy kwenda Santiago de Compostela, Hispania. Huwezi kujua kwa nini kijiji cha aina hiyo kina kanisa kubwa namna hiyo mpaka usikie habari ya wizi.

Mtakatifu Foy, ambaye jina lake maana yake ni imani, alikuwa binti wa mji wa Agen aliyeuawa mwanzoni mwa karne ya 4 kwa kukataa kuitolea sadaka miungu ya Warumi. Mapokeo yanasema alikuwa na miaka 12. Masalia yake yalitulia Agen zaidi ya miaka mia tano. Monasteri ya Conques, huko milimani, haikuwa na mtakatifu wa kuvuta watu. Basi mnamo mwaka 866, kwa simulizi la wamonaki wenyewe, mmoja wao alihamia Agen, akaishi miaka kumi kama mtu mwema wa kuaminika, akakabidhiwa ulinzi wa kaburi, na usiku mmoja akaondoka na masalia. Wenyewe hawakuuita wizi. Waliuita uhamisho.

Watu wakaanza kumiminika. Bernard wa Angers, msomi kutoka kaskazini, alifika mwaka 1013. Alipoiona sanamu ya dhahabu yenye masalia ya binti huyo, imeketi kwenye kiti na kumkodolea macho, aliicheka akaifananisha na sanamu za Jupita, mungu mkuu wa Warumi. Baadaye alijuta, akageuka kuwa mwandishi wa miujiza ya Foy. Kati ya hiyo kuna mmoja ninaoupenda kuliko yote. Wanavijiji waliokesha kanisani hawakujua zaburi za Kilatini, wakawa wanaimba nyimbo zao za kienyeji usiku kucha. Wamonaki wakakereka, wakawafungia nje. Usiku uleule milango ikafunguka yenyewe, watu wakaingia. Mimi katika kisa hicho nasikia kelele za umati uliokwisha kulishinda jengo la zamani.

Abate Odolric, mkuu wa monasteri kati ya 1031 na 1065, ndiye aliyeanzisha kanisa jipya. Msukumo wa watu ulitatuliwa kwenye ramani. Njia za pembeni haziishii ukutani. Zinapita nyuma ya altare na kuizunguka, na kwenye mzunguko huo vikanisa vidogo vimechomoza kwa nje kama vidole. Hujaji aliingia upande mmoja, akazunguka, akamtazama mtakatifu kupitia nondo za chuma, akatokea upande wa pili. Wamonaki waliendelea kuimba katikati bila kupigwa vikumbo. Inasemekana nondo hizo zilifuliwa kutokana na minyororo ya wafungwa waliofunguliwa kwa maombezi ya Foy. Ni chuma kizito kilichosokotwa, chenye ncha juu. Kwa mkono wangu nilipokigusa nilielewa kwamba waliokiweka waliwapenda mahujaji, lakini si kiasi cha kuwaamini.

Makanisa ya Toulouse na Santiago yana mpango huohuo, ila marefu kupita kiasi. Hapa mlima haukuruhusu: jengo zima ni mita 56 hivi. Kwa kuwa limekwenda juu badala ya kwenda mbele, ukiingia shingo inapinda yenyewe.

Nayo dari? Ni nusu pipa la mawe, limefungwa mikanda ya mawe kila baada ya hatua kadhaa, na linasukuma kuta mchana na usiku. Wajenzi walipandisha roshani juu ya njia za pembeni, wakaifunika roshani hiyo kwa robo ya duara: nusu ya tao inayoegemea ukuta wa kati kama mtu anayezuia mlango kwa bega. Msukumo wa dari unapokelewa na bega hilo, unapelekwa kwenye ukuta wa nje, unashuka ardhini. Gharama yake ni giza. Bega likishaegemea pale juu, hakuna nafasi ya dirisha, na mwanga wa kati ya kanisa ni ule uliokwishapita kwenye roshani kwanza. Wanafunzi hudhani giza hilo lilikusudiwa kumtisha muumini. Hapana, ni hesabu ya mawe.

Si kila kitu kilifaulu. Kuba la katikati lenye mbavu unaloliona leo ni la karne ya 15. La mwanzo halikudumu. Mwaka 1568 Waprotestanti walilichoma kanisa, nguzo zilizoizunguka altare zikaungua vibaya hadi zikalazimika kuvikwa ukuta. Prosper Mérimée, mkaguzi wa majengo ya kihistoria, alipofika mwaka 1837 alikuta linakaribia kuwa gofu, akalipigania. Na ile minara miwili ya mbele inayopendwa na wapiga picha, vichwa vyake ni vya karne ya 19.

Juu ya mlango wa magharibi kuna Hukumu ya Mwisho, watu 124 wamechongwa kwenye jiwe la manjano mwanzoni mwa karne ya 12, na rangi nyekundu na buluu bado zimebaki mikunjoni. Kristo yuko katikati. Kushoto kwako pametulia, wamejipanga kwa adabu, na Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki, anaongozwa kama mtoto. Kulia ni vurugu: bahili ananyongwa huku mfuko wake wa fedha ukiwa shingoni, mwanajeshi wa farasi anatupwa kichwa chini. Foy mwenyewe utamkosa usipomtafuta. Ni mdogo, amepiga magoti pembeni, mkono wa Mungu unamgusa, na nyuma yake minyororo imening'inia kwenye boriti. Kisha inua macho kwenye ukingo wa tao: kuna vichwa vidogo vinavyochungulia, vimeshika utepe wa jiwe kwa vidole, macho juu ya ukingo tu, kama watoto waliodandia ukuta wa jirani kutazama harusi. Havifanyi kazi yoyote ya kubeba mzigo.

Ndani, madirisha 104 yaliwekewa vioo vipya kati ya 1987 na 1994, kazi ya mchoraji Pierre Soulages, mzaliwa wa mji wa Rodez ulio jirani. Wengi walinung'unika kwamba havina rangi wala watakatifu. Soulages alitaka kioo kipitishe mwanga bila kuonyesha kilicho nje. Nilikaa kwenye benchi mpaka saa kumi na moja jioni. Upande wa kaskazini ulikuwa umegeuka buluu hafifu, upande wa kusini rangi ya chungwa, na ile dari ya pipa, kwa mara ya kwanza siku hiyo, ilikuwa inaonekana jiwe kwa jiwe.