Mtoto anayekula sana na haongezeki

Mama mmoja aliniletea mtoto wa miezi 19 ambaye uzito wake kwenye kadi ya kliniki ulikuwa umesimama tangu mwezi wa sita. Anakula kumshinda kaka yake, alisema. Mtaani walishamhukumu kwamba amembemenda mwanawe. Mtoto alikuwa ametibiwa nimonia mara nne, kisha akaanzishiwa dawa za kifua kikuu. Nilipomuuliza kama kuna jingine aliloliona, alisita kidogo. "Daktari, nikimbusu huyu, midomo yangu inabaki na chumvi."

Ni chumvi hiyo iliyonifanya niwaze sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi.

Kwenye seli za mirija ya hewa, kongosho, utumbo na tezi za jasho kuna protini iliyo kama mlango wa kupitishia kloridi, ambayo ni sehemu ya chumvi. Jeni inayoitengeneza, CFTR, ilitambuliwa mwaka 1989. Mtoto akirithi jeni yenye hitilafu kwa baba na kwa mama pia, mlango haufunguki vizuri, au haupo kabisa. Wazazi wenyewe ni wazima, lakini kila mimba yao ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Kubemenda hakumo.

Maji hufuata chumvi. Kwenye mapafu, chumvi isipotoka kwenye seli, maji nayo hayatoki, na ute unaopaswa kuteleza unakuwa mzito kama gundi. Vinyweleo vinavyousukuma kuelekea kooni vinakwama, bakteria wanapata makao. Kwenye tezi za jasho kazi ya mlango huo ni kinyume: kuirudisha chumvi mwilini kabla jasho halijafika juu ya ngozi. Ukiharibika, chumvi inamwagika nje. Joto kali la New York mwaka 1948 lilileta hospitalini watoto wa namna hii wakiwa hoi, na mwaka 1953 daktari Paul di Sant'Agnese akaeleza sababu: jasho lao lina chumvi kupita kiasi. Mimi ninayefanya kazi pwani nalifikiria hilo kila Januari.

Kwa mtoto mchanga, utumbo ndio unaweza kuanza kusema: kinyesi cha kwanza, kile cheusi kinachonata, kinaziba njia. Baadaye ni zamu ya kongosho. Mirija yake ikiziba, vimeng'enya havifiki kwenye chakula, mafuta yanapita bila kusagwa na vitamini A, D, E na K zinakwenda nayo. Choo kinakuwa kingi, kinanuka vibaya, kinang'aa mafuta. Chakula kinaingia kweli, na njaa ni ya kweli. Naumia kila ninapoona mama akilaumiwa kwa hili.

Umri wa shule ni wa kifua: kikohozi cha kila siku, makohozi mazito, vinyama puani, ncha za vidole kuvimba. Bakteria aitwaye Pseudomonas akishaweka makao ni kazi kumtoa, na kila shambulio linaacha kovu kwenye mirija ya hewa.

Kisha ujana. Wenzake wanarefuka na kubalehe, yeye anachelewa. Kongosho lenye makovu linaanza kushindwa kutoa insulini ya kutosha na kisukari kinaingia polepole. Wavulana karibu wote huzaliwa bila mirija ya kupitisha mbegu. Nguvu za kiume zipo, mbegu zinatengenezwa, ila hazina njia ya kutokea, kwa hiyo kupata mtoto kutahitaji msaada wa kitabibu. Hili nawaambia mwenyewe, kwa faragha, kabla hawajalisikia vibaya kwingine.

Kipimo chenyewe hakihitaji sindano. Dawa ya kutoa jasho inasukumwa kwenye ngozi ya mkono kwa umeme hafifu, kisha jasho linakusanywa kwa nusu saa. Kloridi ikifika milimoli 60 kwa lita au zaidi, ni dalili nzito ya ugonjwa. Vidonge vinavyousaidia mlango kufanya kazi vilianza kuidhinishwa Marekani mwaka 2012, na vyenye dawa tatu vikafuata 2019. Bei yake ni kubwa mno kwa familia ninazozihudumia, na havisaidii kila aina ya hitilafu.

Mtoto yule tulimwanzishia vimeng'enya vya kumeza kila mlo, chumvi ya nyongeza, na mazoezi ya kutoa makohozi asubuhi na jioni. Mama alirudi baada ya wiki tatu, akaanza kunisimulia habari za choo kabla hata hajakaa.