"Utafiti umeonyesha": watafiti walianzia wapi? Maswali na majibu

Kila wiki redioni nasikia "utafiti umeonyesha". Leo kitu kinalinda moyo, mwezi ujao kitu hichohicho kinaua. Nitajuaje upi ni wa kuaminika?

Anza kwa kuutambua ni utafiti wa aina gani. Maswali mawili yanatosha, hata kama mtangazaji hakusema lolote.

La kwanza: nani aliamua nani apate kile kinachochunguzwa? Kama watafiti ndio waliogawa chanjo, dawa au chandarua, hilo ni jaribio. Kama watu walikuwa wanaishi maisha yao, huyu anavuta sigara na yule havuti, nao watafiti wakaangalia tu na kuandika, huo ni utafiti wa uchunguzi.

La pili linahusu huo wa uchunguzi: watafiti walianzia wapi? Wapo wanaoanzia kwa wagonjwa, kisha wanarudi nyuma kuuliza walifanya nini, walikula nini. Wapo wanaoanza na watu wazima wa afya, wakawafuata kwa miaka waone nani ataugua. Na wapo wanaopima kila kitu kwa siku moja. Wanafunzi wa uuguzi niliowahi kuwafundisha walikuwa wakikariri majina ya aina hizi na kuyachanganya kwenye mtihani. Aliyeshika swali la "walianzia wapi" hakuyachanganya tena.

Watu wengi wanatoa ushuhuda kwamba wamepona kwa dawa fulani. Huo nao si ushahidi?

Ni mwanzo wa ushahidi, na hauna budi kuendelea. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipanga foleni ya magari kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Shuhuda za uponyaji zilienea nchi nzima na kuvuka mipaka. Shida ya ushuhuda haihusiani na uaminifu wa anayeutoa. Aliyepata nafuu ndiye anayerudi kusimulia, na aliyefariki njiani au nyumbani hawezi kusimulia. Tena hatuna wa kumlinganisha naye: wapo ambao wangepata nafuu hata kwa maji matupu, kwa kuwa magonjwa mengi hupanda na kushuka yenyewe.

Hata hivyo sipendi tabia ya kuzidharau taarifa za wagonjwa wachache. Daktari mpasuaji Denis Burkitt alipokuwa Mulago, Kampala, aliona watoto wenye uvimbe wa taya ambao haukufanana na alichokijua, akaandika juu yao mwaka 1958. Hakuwa na kundi la kulinganisha, alikuwa na macho tu. Lakini taarifa yake ndiyo iliyofungua mlango, na hadithi yake tutairudia punde.

Takwimu za kitaifa zinazotolewa baada ya kupita nyumba kwa nyumba ni za aina gani?

Huo ni utafiti wa wakati mmoja, kama picha ya pasipoti. Utafiti wa afya ya jamii wa Tanzania wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa kujua tatizo ni kubwa kiasi gani na liko wapi, hakuna aina nyingine inayoushinda. Usiuulize tu sababu, maana picha haisemi kipi kilitangulia. Ukipima leo unaweza kukuta wenye kisukari wanakunywa soda kidogo kuliko wasio nacho. Haina maana soda inazuia kisukari. Wagonjwa walishaambiwa kliniki waiache.

Ugonjwa wa ajabu ukiibuka ghafla, watafiti hufanyaje? Hawana miaka ya kusubiri.

Hapo ndipo utafiti wa kulinganisha wagonjwa na wazima unapong'aa, na mfano mzuri tunao Kenya. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na maeneo ya jirani, watu walianza kugeuka macho ya njano na kufa. Walihesabiwa wagonjwa 317, wakafa 125. Ilishukiwa sumukuvu, yaani aflatoksini inayotokana na kuvu kwenye nafaka. Lakini kila kaya kule inakula mahindi. Kwa nini hawa waugue na majirani zao wabaki wazima?

Watafiti walichukua wagonjwa 40 na watu 80 wasiougua, wakawauliza maswali yaleyale, wakapima damu na mahindi ya kila upande. Mahindi ya shambani kwao yaliyokutwa katika nyumba za wagonjwa yalikuwa na wastani wa sumu wa kama 354 katika kila sehemu bilioni moja. Kwa wazima ilikuwa kama 44. Wagonjwa pia ndio hasa waliohifadhi mahindi yakiwa na unyevu, tena ndani ya nyumba badala ya kwenye kihenge. Kwa watu 120 tu, ikajulikana pa kupeleka nguvu: namna ya kukausha na kuhifadhi.

Angalia na hili: kiwango kilichoruhusiwa Kenya wakati ule kilikuwa 20. Kwa hiyo hata "wazima" walikuwa wanakula sumu zaidi ya inavyoruhusiwa. Kundi la kulinganisha si lazima liwe salama. Linatakiwa kutoka katika jamii ileile iliyowatoa wagonjwa, basi. Ukisoma utafiti wa namna hii, chunguza hapo kwanza. Kama wagonjwa ni wakulima wa kijijini na wazima ni wafanyakazi wa hospitali mjini, tofauti utakazoziona ni za kijiji na mji.

Jambo la pili ni kumbukumbu. Mama aliyefiwa na mtoto hukumbuka kila kitu alichokula mtoto wiki ile, kwa sababu amekirudia moyoni usiku na mchana. Jirani yake hakumbuki hata chakula cha juzi. Tofauti ya kumbukumbu inaweza kujifanya tofauti ya chanzo. Ndiyo maana kupima mahindi yenyewe na damu kuliupa utafiti ule uzito kuliko maswali matupu.

Basi si bora kuwafuata watu tangu kabla hawajaugua?

Ni bora kwa kujua kipi kilitangulia, ila gharama yake ni kubwa. Turudi kwa Burkitt. Mwaka 1964, huko London, mtafiti Epstein na wenzake waliona kirusi kipya ndani ya chembe za uvimbe ule wa taya, ambao ni saratani, uliotoka Uganda. Sasa likaja swali: kirusi ndicho kinachosababisha saratani, au kimeingia tu kwenye uvimbe uliokwisha kuwapo? Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wakaenda West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, wakachukua damu ya watoto wapatao 42,000 waliokuwa wazima, wakaihifadhi na kusubiri. Katika ripoti ya mwaka 1978, watoto waliokuwa wamepata saratani ile walikuwa 14. Damu yao ya zamani, iliyochukuliwa kabla ya ugonjwa, ilikuwa na kingamwili nyingi dhidi ya kirusi kile kuliko ya wenzao.

Watoto 42,000 kwa ajili ya 14! Kwa ugonjwa adimu, ndiyo bei yake. Na katika utafiti wa kufuatilia, uliza daima: wangapi walipotea njiani? Waliohama au kufa bila kujulikana wakiwa wengi, matokeo yanayumba.

Nimesikia kuwa tohara hupunguza hatari ya VVU kwa mwanaume. Ilijulikanaje, na haiwezi kuwa ni dini au mila tu?

Swali hilohilo ndilo lililowasumbua wataalamu karibu miaka ishirini. Tangu miaka ya 1980 tafiti za kuangalia tu zilionyesha wanaume waliotahiriwa wanaambukizwa kidogo. Lakini waliotahiriwa wengi walikuwa Waislamu, au wa makabila yenye jando, na pengine unywaji wao wa pombe na mahusiano yao vilikuwa tofauti. Jambo la tatu linaweza kujificha nyuma ya mambo mawili na kuyafanya yaonekane yameshikamana. Unaweza kulirekebisha kwa hesabu kama umelipima. Usilolipima linabaki.

Dawa ya tatizo hilo ni bahati nasibu. Kisumu, mahali ambapo Waluo kwa mila hawatahiri, vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24 wasio na VVU walikubali kugawanywa kwa kura: nusu watahiriwe mara moja, nusu wasubiri miaka miwili. Kura haijui dini ya mtu wala tabia zake, hivyo mambo yote, yanayopimika na yasiyopimika, huangukia pande zote mbili karibu sawa. Waliotahiriwa waliambukizwa 22, waliosubiri 47. Rakai nchini Uganda na Orange Farm, Afrika Kusini, majaribio kama hayo yalitoa jibu linaloelekea kulekule, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likapendekeza tohara kama kinga ya nyongeza.

Hapa nataka msomaji awe makini na namba. Gazeti liliandika hatari ilipungua kwa "zaidi ya nusu", na ni kweli. Namna nyingine ya kusema ukweli huohuo ni kwamba kwa miaka miwili, katika kila vijana 100, walioambukizwa walikuwa kama wawili badala ya wanne. Ukitajiwa asilimia ya kupungua, uliza imepungua kutoka ngapi hadi ngapi. Wale wawili waliambukizwa wakiwa wametahiriwa, na kwao tohara bila kondomu haikutosha.

Udhaifu upo pia. Huwezi kumficha mtu kwamba ametahiriwa, kwa hiyo angeweza kubadili tabia kwa kujua yuko kundi gani. Kwa vidonge hutumika kidonge bandia kinachofanana na cha kweli, kwa tohara haiwezekani.

Majaribio mawili mazuri yakipingana, je?

Imetokea, na kando ya Ziwa Victoria hilohilo lililopo Kisumu. Mwanza, kati ya mwaka 1991 na 1994, walipiga kura kwa jamii nzima badala ya mtu mmoja mmoja: jamii 6 ziliboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa katika zahanati, 6 zikasubiri. Maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 dhidi ya 1.9 kwa miaka miwili. Rakai waliwapa watu wote dawa za magonjwa ya zinaa kwa vipindi, wenye dalili na wasio nazo, na VVU havikupungua hata kidogo.

Wengi walidhani mmoja kakosea. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba Rakai janga lilikuwa limekomaa, na maambukizi mengi hayakutegemea tena magonjwa ya zinaa yanayotibika. Mwanza lilikuwa bado changa. Kila jaribio lilijibu sahihi kwa mahali pake.

Kugawa wagonjwa kwa kura, tena watoto, si ukatili?

Nimeulizwa hili na wazazi, na ninaliheshimu. Ingekuwa ukatili kama tungejua jibu. Mfano unaonigusa kuliko yote ni wa watoto mahututi wenye homa, ambao damu haiwafikii viungoni vizuri, mikono na miguu imekuwa ya baridi. Mafunzo yalisema watundikiwe dripu ya haraka, maji mengi kwa saa moja. Mantiki ilikuwa safi, na wachache walitilia shaka.

Jaribio lililoitwa FEAST lilifanyika katika hospitali sita: Kilifi, Muheza, na nne za Uganda. Wote walipata dawa, oksijeni na uangalizi, kasoro kimoja tu kilipigiwa kura: maji ya haraka au la. Lilisimamishwa Januari 2011 baada ya watoto 3,141 katika sehemu yake kuu. Ndani ya saa 48, waliopewa maji ya haraka walifariki kama asilimia 10.5, wasiopewa asilimia 7.3. Ni vifo vya ziada vya watoto zaidi ya watatu katika kila mia.

Na kuna jambo ambalo bado linanitetemesha. Saa ya kwanza, watoto wa dripu ya haraka walionekana wanapata nafuu zaidi. Muuguzi aliyesimama kando ya kitanda angeapa kwamba inasaidia. Macho yake hayakudanganya, ila hayakuwa na kundi la kulinganisha.

Kwa hiyo mwanangu akilazwa nikatae dripu?

Hapana, tafadhali. Katika kusoma utafiti wowote angalia nani hakuingizwa. FEAST haikuchukua watoto wenye kuhara na kutapika kulikowakausha maji, wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua. Iliuliza kuhusu maji mengi ya haraka kwa homa kali yenye dalili zile, na hata waliokuwa upande wa pili walipata maji ya kawaida ya kujikimu. Mtoto anayeharisha akilegea, macho yakadidimia, akakosa machozi, mpe maji ya chumvichumvi ya ORS huku mkielekea kituo cha afya, na akihitaji dripu huko, awekewe.